Taa Iliyomshinda Fundi Sikio

Somo la kwanza kwa Mwalimu Taratibu halina mwendo. Mwanafunzi anakaa nyuma ya usukani, anafunga mkanda, anazungusha ufunguo nusu tu bila kuwasha injini, na taa zote za dashibodi zinawaka kwa pamoja. Kisha anatakiwa azitaje moja moja. Hii ya betri, hii ya oili, hii ya mkanda, hii ya breki. Asiyeweza kuzitaja hagusi gia. Wapo walionung'unika kwamba wamekuja kujifunza kuendesha na wala si kusomeshwa mataa, naye huwajibu kwamba gari halina mdomo, lina hizo taa tu, na mtu asiyejua lugha ya mwenzake asisafiri naye.

Jina la Taratibu alipewa na wanafunzi, kwa kuwa ndilo neno analolisema kuliko yote, hata gari likiwa limezimwa. Ni mama wa makamo, mwenye miwani ya jua iliyokaa kichwani ambayo hakuna aliyewahi kuiona ikishuka machoni, na mguu usiotoka juu ya breki ya pili. Kila gari la kufundishia lina breki ya pili upande wa mwalimu. Hii ya kwake ilitengenezwa kwa mkono na mume wa dada yake, na imemwokoa yeye na wapita njia mara nyingi kuliko anavyopenda kukumbuka.

Asubuhi ile iliyoanzisha mambo, aliyeshika usukani alikuwa nesi wa wodi ya wazazi, mtu mwenye mikono inayopokea watoto wachanga bila kutetemeka lakini inayotoka jasho ikigusa gia. Walikuwa wanakaribia kituo cha mafuta.

"Mwalimu, yule kuku wako asiye na kichwa amewaka," nesi akasema.

Ndivyo wanafunzi wanavyoiita taa ya injini, kapicha ka rangi ya chungwa ambako kwa asiyeambiwa hakafanani na injini hata kidogo. Taratibu akainamia upande wa dereva. Kweli, kuku alikuwa anawaka.

"Endelea, usiogope," akasema. "Nyekundu ndiyo ya kusimama papo hapo. Hii ya chungwa inasema twende, ila tusizoee."

"Inawaka kwa nini?"

"Sababu ni nyingi. Huenda kifuniko cha tangi hakikufungwa vizuri. Huenda plagi imechoka. Huenda sensa, kile kipimio cha kwenye bomba la moshi, imekufa, au mpira wa hewa umechomoka na injini inavuta hewa isiyo na kipimo. Taa yenyewe haisemi ni ipi. Inasema kuna jambo."

"Kama kichanga," nesi akasema. "Yeye analia tu, wewe tafuta."

"Ndiyo hivyo. Bahati nzuri mimi ninaye wa kunitafutia."

Wa kumtafutia alikuwa huyohuyo shemeji yake, fundi wa magari ambaye mtaa mzima ulimwita Sikio. Aliitwa hivyo kwa namna yake ya kufanya kazi. Gari likiletwa, Sikio hafungui kitu kwanza. Anachukua bisibisi ndefu, anagusisha ncha yake kwenye injini inayonguruma, anaweka mpini sikioni, anafumba macho na kusikiliza. Baada ya hapo anatoa hukumu. "Silinda ya tatu inakohoa." "Kuna beringi inalia hapa." Vijana wa gereji nyingine walimcheka mpaka walipochoka, kwa sababu ukifungua unakuta kweli ya tatu inakohoa.

Na katika ukoo ule, ukiwa na fundi ndani ya familia huna fundi mwingine nje. Hilo halikuandikwa popote wala halikuhitaji kuandikwa. Gari likiharibika popote litasukumwa, litavutwa kwa kamba, litabebwa mgongoni ikibidi, mpaka uani kwa Sikio. Binamu mmoja aliwahi kubadilisha klachi kwingine kwa sababu alikuwa safarini na gari limemfia njiani, na mpaka leo akiingia kwenye kikao cha familia kuna anayemuuliza klachi inaendeleaje. Usitukane wakunga na uzazi ungalipo, wanasema, na magari mabovu yalikuwapo siku zote.

Tena Taratibu alikuwa na lake zaidi ya wengine. Udereva alifundishwa na Sikio. Alipokuwa msichana anayeishi kwa dada yake, asiye na kazi wala dalili ya kuipata, shemeji ndiye aliyemkalisha kwenye gari bovu la mteja, hapo hapo uani, akamwambia ataje taa. Somo la kwanza lile analowasumbulia watu hakulibuni yeye. Alirithi.

Basi akapeleka gari. Sikio akasikiliza, akatikisa kichwa, akabadilisha plagi. Akachomoa waya wa betri, akaurudisha, maana ndivyo gari lake linavyosahau malalamiko ya zamani, na taa ikazimika. Taratibu akamshukuru, akaondoka mbio kwa kuwa kulikuwa na mwanafunzi anamngoja. Wiki haikuisha, kuku akawaka tena. Akarudi. Safari hii ilikuwa sensa. Ikabadilishwa, taa ikazimika, akashukuru, akaondoka mbio. Ikawaka. Akarudi tena, ikawa kifuniko cha tangi, kisha ikawa mpira wa hewa, na kila mara Sikio alisema sasa imekwisha kabisa, shemeji, nenda na amani.

Wenzake kwenye uwanja wa mazoezi wakapata cha kuchekea. Mwalimu mmoja mzee, maarufu kwa kupiga honi hata kwenye maegesho, akampa ushauri wa bure.

"Bandika utepe mweusi pale juu. Yangu ina utepe tangu kitinda mimba wangu hajazaliwa, na gari linatembea."

"Na wanafunzi wako wakiuliza?"

"Nawaambia hapo ni pa mapambo."

Alicheka naye, lakini kicheko hakikufika mbali. Ukaguzi wa magari ya kufundishia ulikuwa unakaribia, na mkaguzi hufanya kile kile anachofanya Taratibu: anazungusha ufunguo, anatazama. Taa ya injini isipozimika, gari halipewi ruhusa, na mwalimu wa udereva asiye na gari ni mpita njia kama wengine. Hilo lilimnyima usingizi. Hakuweza kumkaripia shemeji, hakuweza kwenda kwingine, na taa haikuwa na habari na heshima za ukoo.

Mwishowe alikwenda kwingine. Alikwenda upande wa pili wa mji, kwa njia ya kuzunguka, miwani ya jua ikiwa imeshuka machoni kwa mara ya kwanza, kama mtu anayekwenda kumfumania mumewe. Palikuwa na fundi mwenye mashine ya kupimia, kikasha cha kushikwa mkononi kinachochomekwa chini ya usukani. Alikuwa mtu mkimya. Alisoma kilichoandikwa kwenye kikasha, akafungua boneti, akachungulia kwa muda mrefu kuliko alivyotarajia Taratibu.

"Njoo uone, mama," akasema.

Akamwonyesha mpira wa hewa, ambao ulikuwa mpya na mzima, lakini umefungwa kando ya mahali pake, nusu ndani nusu nje. Akamwonyesha soketi ya sensa iliyosukumwa mpaka katikati tu. Akamwonyesha plagi iliyoingia kwa pembe, na bano lililobana hewa tupu. Vifaa vyote vilikuwa vizuri. Hakuna kilichokuwa kimekaa.

"Aliyefanya kazi hii anaijua," fundi akasema. "Alibadilisha kilichotakiwa kubadilishwa. Ila alifanya gizani."

"Gizani vipi? Alifanya mchana, nilikuwepo."

Fundi akamtazama, kisha akaitazama tena injini. "Basi sijui, mama," akasema, na sauti yake ilikuwa ya mtu anayejua.

Taratibu alisimama pale na boneti iko wazi, na mambo madogo yakaanza kumjia bila kuitwa. Shemeji akimuuliza "Nani huyo?" naye yuko hatua chache tu kutoka langoni, akadhani ni utani wa mashemeji. Shemeji akimimina chai mpaka ikamwagika kwenye sahani, akadhani ana mawazo. Shemeji ambaye siku hizi anafumba macho hata akiwa hasikilizi. Mwenye macho haambiwi tazama, lakini yeye mwenye macho mawili mazima alikuwa ametazama haya yote na hakuona hata moja.

"Nikurekebishie?" fundi akauliza. "Si kazi ya muda mrefu."

Mwenye akili timamu angesema ndiyo, na hadithi ingeishia hapo. Lakini Taratibu aliwaza mkono wa mtu mwingine kwenye gari lile, na Sikio akipapasa siku nyingine akaugundua, maana angeugundua. Akasema hapana, ahsante, acha vilevile. Fundi akafunga boneti. Taratibu akaondoka na ubovu wake wote, taa inawaka, akijiambia kwamba atampa shemeji dokezo tu, mkono wa shemeji utapapata palipokosewa, mambo yatakwisha kimya kimya. Ni kosa ambalo mgeni asingelifanya.

Alimkuta Sikio uani, chini ya basi dogo la shule. Basi lilikuwa limeinuliwa kwa jeki, magurudumu ya mbele yametolewa, na miguu ya fundi ikichungulia nje na viatu vyake visivyo na kamba.

"Hiyo ni injini ya shemeji yangu," sauti ikasema kutoka chini. "Bado inakohoa."

"Shikamoo shemeji. Bado."

"Marahaba. Ngoja nitoke. Nilikuwa nafunga pedi za breki za hawa watoto."

Akatoka, akajifuta mikono. Taratibu akamtazama machoni kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu, akaona kwamba macho yale yalikuwa yanaangalia mahali sauti yake ilipotoka, chini kidogo ya uso wake. Akasema kwa sauti ya mzaha iliyomtoka vibaya, "Nilikuwa nawaza, shemeji, labda ule mpira wa hewa. Labda umekaa kando."

Sikio akaingiza mkono ndani ya injini, akapapasa, akavuta, akasukuma. Vidole vyake vilifanya kazi kama watu wanaotafuta kitu sakafuni umeme ukikatika. Akachomoa waya wa betri, akaurudisha. Akawasha injini kwa mkono kupitia dirishani, akainama, uso wake ukawa karibu na dashibodi kiasi cha kuigusa. Taa ya injini ikazimika kwa muda wa kuvuta pumzi, kisha ikawaka, ya chungwa, wazi kabisa, mbele ya pua yake.

"Umeona?" Sikio akasema. "Imezimika."

Maneno yalikuwa mepesi na Taratibu alikuwa anayasema kila siku ya kazi kwa watu wasiomhusu: tazama vizuri, taja unachokiona.

"Imezimika, shemeji," akasema.

Sikio akabaki ameinama vilevile kwa muda, mkono juu ya mlango. Kisha akanyooka, akasema vyema, akarudi kwenye basi la shule kuchukua gurudumu. Injini ya Taratibu ilibaki inanguruma peke yake.

Akaenda nyuma ya nyumba kumtafuta dada yake. Dada alikuwa amekaa barazani, beseni la nati mapajani, anazigawa kwenye makopo kwa ukubwa. Pembeni yake zilikuwa spana za mumewe, na kila moja ilikuwa imefungwa kitu kwenye mpini: hii kitambaa laini, hii kamba ya katani, hii kipande cha mpira wa tyubu. Tangu alipoanza kuzifunga, dada alikuwa akisema ni alama za kuwakomesha wezi. Taratibu akachukua moja, akafumba macho, akaishika. Akachukua nyingine.

"Dada," akanong'ona, chini ya mngurumo wa injini uliotoka uani. "Shemeji haoni."

Mkono ukasimama ndani ya beseni.

"Anaona."

"Dada."

"Mchana anaona kidogo," dada akasema. Halafu akaliweka beseni chini. "Umejuaje?"

"Taa inawaka usoni mwake, ananiambia imezimika. Na wewe umejua tangu lini?"

"Mimi nalala naye, mdogo wangu. Nitaachaje kujua?" Akazitazama spana. "Lakini yeye hajui kama najua. Anadhani hizi kweli ni za wezi. Akiingia kuoga jioni, natoka na tochi, naipitia kazi yake yote, nati kwa nati. Palipolegea nakaza. Pasipokaa nakalisha. Nimekuwa fundi uzeeni na hakuna anayenisifu."

"Na gari langu mbona hukulipitia?"

"Nilipitie saa ngapi? Kila ukija unaondoka mbio. Watu wanakuita Taratibu, lakini hapa kwetu tu ndiko una haraka."

Taratibu akakaa kwenye ngazi. Kwa hiyo magari yote ya mtaa yalikuwa yanatoka pale yamepona isipokuwa lake. Lilikuwa jambo la kuchekesha, na labda siku nyingine wangelicheka mpaka machozi.

"Na basi la shule?" akauliza.

Dada akainama kuokota nati kutoka kwenye beseni.

"Dada, basi la shule umelipitia?"

"Breki ziko chini kule. Goti langu halinishushi, unalijua. Nilimwomba Mungu zisiletwe breki, zikaletwa." Sauti yake ikapungua. "Mikono yake haijawahi kukosea breki. Hata usiku wa giza angefunga breki."

"Na haikuwahi kukosea plagi. Nimetoka kuonyeshwa sasa hivi. Hakuna kitu kimekaa, dada. Hata kimoja."

"Unataka nimwambie nini? Nimwambie akae kitini asubiri chakula? Yule akikaa anakufa."

"Mficha maradhi, kifo humuumbua."

"Ndiyo. Humuumbua yeye."

"Cha huyu wetu kitawaumbua watoto wa watu," Taratibu akasema.

Dada akajifunika uso kwa mikono yenye grisi. Alilia bila sauti, kwa sababu kilio kingeuvuka mngurumo wa injini na kumfikia mtu aliyekuwa upande wa pili wa ukuta. Alipoiondoa mikono, mashavu yalikuwa meusi.

"Basi kamwambie wewe," akasema. "Mimi nimejaribu nimeshindwa. Wewe anakupenda, na ndiye aliyekufundisha. Na usimwambie kwamba mimi najua, nakuomba. Amenificha kwa taabu sana."

Taratibu alirudi uani akiwa hana hotuba yoyote kichwani. Magurudumu ya basi yalikuwa yamerudishwa, na Sikio alikuwa anashusha jeki, mkono mmoja kwenye bodi kuhisi basi linavyokaa. Funguo za basi zilikuwa zimening'inia kwenye kioo cha pembeni. Taratibu akazichukua polepole, zisilie, akazitia mfukoni. Hakujua alikuwa anazipeleka wapi.

"Shemeji," akasema, "njoo ukae humu mara moja. Kwenye kiti cha dereva."

"Leo unanifundisha?"

"Leo nakufundisha. Wewe ulinifundisha bure, na mimi sitakudai."

Sikio akacheka, akaja. Alipapasa kitasa kwa haraka ya mtu aliyezoea kufanya kupapasa kwake kuonekane kama uzembe, akaingia. Taratibu akazunguka, akakaa upande wake, mguu juu ya breki ya pili kwa mazoea. Injini bado ilikuwa inanguruma, na mbele ya usukani taa ilikuwa moja tu.

"Taja taa unazoziona," akasema.

Sikio hakucheka tena. Akapitisha kiganja juu ya kioo cha dashibodi, kama anafuta vumbi, na hakukuwa na vumbi. Barabarani mtu alipita na mkokoteni, wakausikiliza wote wawili mpaka ulipoishia.

"Nikizitaja kwa kukumbuka?" akauliza.

"Unazoziona, shemeji."

"Mpira haujakaa," Sikio akasema. "Nilisikia pale pale nilipowasha. Injini inavuta hewa pembeni. Taa haiwezi kuzimika namna hiyo."

"Sasa mbona ulisema imezimika?"

"Nilitaka nisikie utasema nini." Alikuwa anaongea akitazama mbele, kama dereva. "Ungesema, shemeji, mbona inawaka, ningejua wewe bado ni mteja wangu, unaidai kazi yako. Tungegombana kidogo, ningepapasa tena. Ukasema imezimika. Wewe, unayewatoa watu jasho kwa ajili ya mataa. Nikajua umeshajua. Nikajua umeshanihurumia."

Taratibu alitamani ardhi ipasuke. Alitafuta la kusema na kila alilolishika lilikuwa huruma nyingine.

"Hospitali wamesemaje?" akauliza mwisho.

"Mshipa wa ndani ya jicho unakufa. Kilichokwenda kimekwenda. Kilichobaki watajaribu kukishikilia, hawaahidi." Akavuta pumzi. "Dada yako asijue. Atalia, na mimi sauti yake akilia siiwezi. Hajashuku chochote, yeye na wezi wake wa spana."

Sasa Taratibu alikuwa amebeba siri mbili za nyumba moja, kila moja amekabidhiwa na mwenyewe, na zote mbili zilikuwa siri ileile.

Lango likagongwa. Dereva wa basi la shule aliingia kwa miguu, kijana mchangamfu, shati limechomekewa.

"Fundi, salama? Kumbe limeshashuka. Nilichukue, kengele ya kutoka inakaribia."

Akalizunguka basi, akatazama kwenye kioo cha pembeni palipozoea kukaa funguo, akainama kutazama chini. "Funguo ziko wapi, fundi?"

Sikio akageuza kichwa upande wa Taratibu, sikio likiwa mbele, kama anavyofanya akitaka kujua ni silinda ipi. Alikuwa amekwisha kusikia funguo zikigongana mfukoni mwa Taratibu wakati anakaa. Alikuwa anangoja.

Taratibu alijua kwamba akisema neno moja, kesho mtaa mzima utalijua, na baada ya hapo hakuna gari litakalosukumwa mpaka uani pale. Alijua pia kwamba barabara ya shule ina mteremko, kwa sababu ndiko anakofundishia breki.

"Breki bado," akasema kupitia dirishani. "Hazijakaa. Usilichukue leo."

"Fundi aliniambia tayari."

"Bado," Sikio akasema. "Shemeji ameona. Mimi sikuona."

Kijana alicheka, akidhani ni mzaha wa mashemeji. Kisha akamtazama Sikio, akaendelea kumtazama, na kicheko kikamwisha usoni. "Sasa watoto nitawabeba na nini?" akauliza, lakini alikuwa amekwisha kuanza kurudi nyuma kuelekea langoni, simu mkononi. Walimsikia akiongea na mtu akiwa nje, kwanza kwa sauti, kisha kwa kunong'ona.

Barazani nati zilikuwa hazilii tena makoponi. Dada alikuwa amesikia na hakutoka kuuliza lolote, na Sikio alikuwa anausikiliza ule unyamavu, kwa sababu uso wake ulibadilika kidogo kidogo, kama mtu anayeelewa jambo ambalo lilikuwa wazi siku zote. Alinyoosha mkono nje ya dirisha, akaokota spana iliyokuwa juu ya boneti la gari lililokuwa ubavuni, akakipapasa kitambaa cha mpini wake. Akakipapasa muda mrefu.

"Wezi," akasema polepole.



Sikio akaiweka spana mapajani, akashika usukani kwa mikono miwili, mahali panapotakiwa, kama alivyomfundisha Taratibu zamani katika ua ule ule.

"Haya, mwalimu," akasema. "Sasa nifanye nini?"

Ndilo swali wanalouliza wanafunzi wote, kwenye njia panda, gari limezima katikati ya barabara na watu nyuma wanapiga honi. Siku zote alikuwa na jibu. Weka gia huru, washa, taratibu, tazama kioo. Alitazama taa ya chungwa ikiwaka mbele ya macho ya shemeji yake. Mguu wake ukakanyaga breki ya pili, ile aliyotengenezewa na Sikio, ukaibana mpaka chini, ingawa gari lilikuwa limesimama tangu mwanzo.